Mgongo wa Kilti ya Babu Lachlan

Nimeshona kilti, zile sketi za marinda za wanaume wa Uskoti, miaka arobaini na minne, kwa hiyo yule binti wa Edinbara aliponiita makumbusho nimsaidie kutambua tartani ya babu yangu, yaani miraba ya ukoo kwenye kilti yake, kwanza nilicheka. Kutambua nini? Bonde zima la Orask linaijua: miraba ya kahawia na samawati, mstari mweupe katikati. Ndiyo tunayovaa sisi akina MacVarrick harusini na mazikoni. Baba yangu ndiye aliyeitoa ile kilti kabatini zamani, akahesabu nyuzi zake, akatufumia kitambaa kipya kama kile. Kisha ikarudi nyuma ya kioo, mle makumbusho, mgongo ukutani, ikakaa.

Asiyejua habari za babu Lachlan, babu wa mababu zetu, si wa kwetu. Ndiye aliyesimama mlangoni siku wanajeshi walipokuja kuchoma nyumba za bonde zima ili kondoo wa bwana shamba wapate malisho. Na walioonyesha wanajeshi njia ni majirani zetu, akina Strannoch. Ndiyo maana mdogo wangu Una alipoolewa na Torquil Strannoch, sikukanyaga kanisani. Baba naye hakwenda. Mwaka wa thelathini na sita huu, Una yuko ng'ambo ya ziwa, moshi wa nyumba yake nauona kila asubuhi, na sijampigia hata simu. Niliapa, na mimi nikiapa nimeapa.

Basi nikamkuta yule binti, Marsaili, ameilaza kilti mezani kifudifudi.

"Bi Effie, tazama marinda ya nyuma kabla sijasema kitu."

"Sema tu, mwanangu. Nondo wamekula?"

"Tazama kwanza."

Nikatazama. Lo! Sisi tunaoshonea watu wa kawaida hukunja marinda ili miraba iendelee nyuma kama ilivyo mbele. Haya yalikunjwa kila rinda lionyeshe mstari uleule mmoja, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Hivyo ndivyo jeshi linavyokunja. Hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anajua.

Nikafunua rinda moja kwa kidole. Mle ndani, mahali ambapo jua halijafika hata siku moja, kahawia haikuwa kahawia, ilikuwa nyeusi tii. Samawati ilikuwa bluu nzito. Mstari mweupe ulikuwa wa manjano. Salale! Ukoo mzima tumekuwa tukijipamba kwa rangi zilizochujuka, tena za jeshi!

"Labda aliiokota," nikasema. "Labda alimvua askari aliyempiga!"

Marsaili hakubisha. Akageuza mkanda wa kiunoni, nikaona namba imeandikwa kwa wino: 214. Halafu akanisogezea nakala ya daftari la kikosi. Namba 214, Lachlan MacVarrick, mzaliwa wa Orask. Pembeni, kwa mwandiko mzuri wa karani: alikuwepo siku ya kuwaondoa wapangaji wa Orask, alijua nyumba zote.

"Pole, mama," akasema.

"Pole ya nini? Mtoto wa juzi wewe, unakuja kunichomea babu yangu kwa karatasi!" Nilipiga kelele mpaka mlinzi akachungulia. Kisha nikakaa chini, sakafuni, mwanamke wa miaka sabini na moja. Alijua nyumba zote. Bila shaka alijua, alizaliwa humo.

Sikumbuki nilivyoendesha gari kuzunguka ziwa. Nakumbuka mlango wa Una, na Una mwenyewe ana unga wa shayiri hadi kwenye viwiko, amezeeka bila mimi kuona.

"Dada?"

"Nani huyo?" sauti ya Torquil ikatoka jikoni.

"Effie."

"Effie yupi?"

"Kwani unao wangapi wewe? Hebu weka chai!"

Nikamwambia Una palepale kizingitini, maneno yakinitoka ovyo: marinda, namba, daftari. Kwamba mwongoza njia alikuwa wa kwetu. Nilingoja ashtuke kama nilivyoshtuka mimi, apige ukelele, ashike kichwa. Alifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kwa kidole.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Baba aliniambia usiku wa kuamkia harusi. Alipohesabu nyuzi aliuona mgongo, Effie, na namba ikampeleka daftarini. Aliona kila kitu, akatufumia zile rangi zilizochujuka makusudi, akanyamaza. Hakuja kanisani kwa sababu aliona haya kusimama mbele ya akina Strannoch akiwa ameivaa. Hakuwa na hasira na mimi hata kidogo."

Nikamvuta aproni.

"Na wewe ukakaa kimya? Miaka yote hii nikikutukana? Kwa nini hukuniambia, Una?"

"Wewe ulikuwa unampenda Baba kuliko kitu chochote duniani. Nikaona bora unichukie mimi."

Torquil akatokea na vikombe vitatu, akatuona, akarudi jikoni. Una alinishika mkono kwa vidole vyake vyenye mabaki ya unga, na mimi, niliyeapa, sikujua niweke wapi uso wangu.