Ofisi Iliyodidimia

Kila asubuhi, kabla ya kufagia ndani, mfagiaji alizoa kwanza udongo uliomwagikia dirishani. Dirisha la mapokezi lilikuwa limebakiza shubiri moja juu ya ardhi, na kuku wa jirani walishazoea kuchungulia mle kama wenye malalamiko.

Ofisi ile ilikuwa ya serikali, kazi yake kutetea usawa wa wanawake na wasichana. Ilipofunguliwa, ulipanda ngazi kuingia. Sasa ulishuka. Sababu ilijulikana. Mwanamke akija na jambo lake, akaketi mbele ya afisa wa malalamiko, akalisema lote, uzito wake ulibaki palepale. Yeye aliondoka mwepesi, wengine wepesi kiasi cha kushikilia ukuta mpaka getini, na jengo likadidimia. Mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji alilishusha kidole kimoja. Msichana aliyefukuzwa shule kwa mimba ya mwalimu wake alilishusha viwili, na mwalimu akahamishiwa shule nyingine yenye hewa nzuri. Kila mara fundi mwashi aliitwa, akaongeza kidato kwa chini, akaenda na hamsini zake. Mhandisi alitoka wizarani, akapima udongo, akasema udongo hauna kosa.

Wafanyakazi hawakulalamika. Mkurugenzi wao, mwanamke mrefu, aliingia kazini kila siku kwa kuinama chini ya ukingo wa bati, na shingo yake hakuwahi kuitaja. Alisema kazi ya ofisi ni kubeba. Kwa dirisha lile waliona miguu tu ya wapita njia, wakajifunza kuwatambua watu kwa viatu. Mfagiaji aliwazidi wote. Kulikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, unga umeingia kwenye mishono, ambavyo vikipita tu aligeuka akafuta meza aliyokwisha kuifuta.

Vilikuwa vya mwenye mashine ya kusaga.

Mfagiaji alikuwa mwembamba kama mpini wa fagio lake, lakini kandambili zake zilikwisha upesi kuliko za wenzake, na hakuna kigoda kilichomaliza mwaka naye. Afisa wa malalamiko, binti wa umri wa kuwa mjukuu wake, aliliona hilo.

"Bibi, nawe una lako," alimwambia siku moja wakinywa chai. "Mficha uchi hazai."

Mfagiaji akamjibu kwamba yeye alishazaa, tena mmoja, kwa hiyo methali hiyo iwatafute wengine. Afisa akacheka. Mfagiaji akasuuza vikombe.

Ukweli ni kwamba alikuwa amepiga hesabu zake. Uzito wa lake aliujua. Akilisema, ile shubiri ya mwanga itazibwa, na akina mama wanaongoja kwenye benchi watakaa gizani kwa ajili ya kizee kimoja na habari zake za zamani. Basi akaendelea kulibeba, akanunua kandambili nyingine.

Ndipo ofisi ikatunukiwa tuzo. Wakubwa waliamua kuienzi, na uani likafungwa hema, vikapangwa viti vya kuvishwa vitambaa, kikaletwa kipaza sauti kilichokohoa kama mzee wa tumbaku. Tuzo yenyewe ilikuwa sanamu ya kioo, mwanamke amesimama wima, jambo ambalo mkurugenzi hakuwa amelifanya mlangoni pake kwa miaka. Mgeni rasmi alisema maneno mazuri, na mengi yalikuwa ya kweli. Wasichana walikuwa wamerudi madarasani. Wajane walikuwa wanalala katika nyumba zao. Wao wenyewe walikuwepo, wale wepesi zaidi wamekalishwa katikati ya wenzao na kushikwa mikono, maana kulikuwa na upepo.

Kisha akaitwa mfadhili aliyelipia hema na soda. Mfagiaji alikuwa anapitisha sinia. Aliona viatu kwanza.

Mwenye mashine alizungumza vizuri. Alisema mtoto wa kike asomeshwe, asiachwe nyuma.

"Hata marehemu mke wangu," alisema, akashusha sauti kwa adabu, "alikuwa na akili sana za darasani. Mungu alimpenda zaidi."

Watu wakapiga makofi ya pole.

Mfagiaji akaweka sinia chini. Akaenda mpaka kwenye kiti cha afisa, akamwinamia.

"Mwanangu, una nafasi?"

"Hata sasa hivi, bibi."

Wakashuka. Mfagiaji akaketi upande wa meza ambao siku zote alikuwa akiufuta tu. Alisema marehemu yule alikuwa binti yake, wa pekee, na alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amefaulu, jina lake limebandikwa ukutani mwa shule. Baba yake akasema tumbo la mwanamke haliulizwi hesabu, akamtoa kwa mwenye mashine. Sare ya sekondari ilikuwa imeshashonwa. Ndiyo aliyoivaa kwenda kwa mume, kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine mpya. Haukupita mwaka akazikwa pamoja na mtoto wake. Mkunga alisema nyonga zilikuwa bado za kitoto. Unga wa msibani ulitoka mashineni, bure.

"Basi," alisema. "Ni hilo tu."

Afisa alimsomea yote aliyoyaandika, naye akasema ndivyo. Jengo likashuka.

Huko juu hema lilitikisika kidogo. Mgeni rasmi aliona paa la ofisi limefika usawa wa goti lake, akaweka soda yake juu ya bati, akaendelea kupigwa picha na tuzo. Mle ndani dirisha liliziba, afisa akawasha taa. Kesho yake walibandua bati moja, watu wakawa wanaingilia paani, na benchi likajaa kama kawaida.

Afisa alilifuatilia jambo lile bila kuchoka. Polisi walisema limepitwa na wakati. Shule ilisema ukuta ulishapakwa rangi. Baba wa binti alikuwa kaburini, na ingawa ofisi sasa ilikuwa imefika kina hicho, mamlaka huko haikuwa nayo. Mwenye mashine aliitwa, akaja mpaka ukingoni, akatazama chini, akasema zamani kila mtu alioa hivyo. Halafu, kwa kuwaonea huruma akina mama wanavyohangaika kushuka, akatoa msaada wa ngazi ndefu ya chuma, jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kila kidato. Mkurugenzi aliikataa. Wizara ikajibu kwamba msaada wa raia mwema haurudishwi.

Ngazi ilikuwa imara, hilo mfagiaji alilikubali. Aliishuka kila asubuhi akiishika kwa mikono miwili, maana sasa alikuwa mwepesi, na akiiachia alianza kwenda juu. Kandambili zake zilikaa. Alilisugua lile jina kwa maji ya sabuni, kidato kwa kidato, lakini halikutoka. Kisha akafagia, akapanguza benchi, akamwita wa kwanza.

Kule chini kulikuwa na kimya kizuri cha kusikiliziana. Ila mashine ilipowashwa, mngurumo wake ulipita udongoni kuliko ulivyowahi kupita hewani, na ukuta wa upande ule ukatetema. Mama aliyekuwa ameanza kueleza lake akanyamaza, akauliza ni nini hicho.

"Anasaga," mfagiaji akamjibu. "Endelea tu, mama yangu."