Kitufe cha Bader

Sleyum bin Nasor alisema uongo mdogo tu. Na uongo mdogo ndio wenye kutesa, kwani ule mkubwa mtu huuogopa akauwacha.

"Nnataka kitufe cha kuachia bolti," alimwambia Hamoud, macho yake yakiwa kwenye kalenda ya ukutani. "Si changu mimi, usije ukafikiri. Cha Bader, mtoto wa dada yangu."

Hamoud akavua miwani. Alikuwa fundi wa bunduki, mstaafu wa jeshi, na karakana yake ilikuwa mtaa wa Ghala, katikati ya gereji mbili zenye kelele za nyundo tangu asubuhi. Yeye kazaliwa Tabora, Sleyum kazaliwa Unguja, wakakutana Maskati wote vijana, na mpaka mwaka huo wa 2003 walikuwa hawajamaliza kutaniana. Hamoud mtu wa asali, Sleyum mtu wa karafuu. Kila Alkhamisi asubuhi walilenga shabaha katika timu ya wazee ya klabu yao. Hamoud alishika mwisho wa mstari upande wa kushoto, hataki mtu kushoto kwake, eti jua linamsumbua, na Sleyum alisimama kulia kwake. Wakimaliza, mmoja alirudi nyumbani na jambo la kumsimanga mwenziwe wiki nzima.

"Bader yule wa benki?" aliuliza Hamoud. "Tangu lini analenga shabaha?"

"Mambo ya vijana hayo. Wewe nitolee nione."

Ukweli ulikuwa ndani ya mfuko wa kanzu, pale mkono wa kushoto ulipofichwa. Kidole gumba cha Sleyum kiliingia baridi yabisi. Kilikuwa hakikunjiki, na ukikibana maumivu yalipanda mpaka kiwikoni. Na bunduki yake, ya nusu otomatiki, ile inayojijaza yenyewe, ilikuwa na kijitufe upande wa kushoto, kidogo kama punje ya mbaazi. Mashindano yao yalianza na bolti, kile chuma kinachosukuma risasi mtutuni, ikiwa imebanwa nyuma. Filimbi ikilia unapachika magazini ya risasi, unabonyeza kitufe kwa gumba, bolti inaruka mbele, unaangusha sahani tano za chuma. Sekunde ishirini, basi.

Sleyum keshachelewa mara mbili. Nahodha wa timu alimwambia kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomuuma, kwamba akichelewa mara ya tatu nafasi yake atapewa mwengine, naye atawekewa kiti kizuri kivulini, pamoja na chupa ya kahawa.

Kiti kivulini! Mwanamme na bunduki yake, akakae kama mama wa bwana harusi?

Lakini kumwambia Hamoud nako, khaa! Mwaka 1998 miwani ilimdondoka Sleyum ndani ya sinia la biriani, harusini, mbele ya watu. Hamoud akaisimulia hadithi ile miaka mitano, na kila mwaka aliitia chumvi mpya. Gumba bovu lingemtosha mpaka siku ya kufa.

Hamoud akatandika kitambaa cheusi juu ya meza, akapanga vitufe vitatu.

"Hiki cha kwanza kina mkono mrefu. Kinateremka mpaka karibu na kidole cha kufyatulia, mkono wa kushoto unaupumzisha kabisa. Kizuri, ila mkanda wa bunduki ukikinasa, bolti inaondoka bila ya idhini yako. Hiki cha pili cha mviringo, chepesi, kimechongwa vizuri. Mtu mwenye gumba zima anakipenda sana."

"Na hicho cha tatu?"

Cha tatu kilikuwa bamba pana, limechanjwachanjwa ili mkono usiteleze. Sleyum alilipenda pale pale, mate yakamjaa mdomoni.

"Hili?" Hamoud akalisukuma pembeni haraka. "Hili la wazee, vidole vimeshakufa. Bader ana mkono wa namna gani?"

"Chuma," alisema Sleyum. Angesema nini?

"Basi cha mviringo. Hakuna zaidi."

Na Sleyum, Mungu amsamehe, akakichukua cha mviringo, akashukuru, akaondoka. Ndiyo hayo. Ukipima kiatu kwa mguu wa jirani, malengelenge ni yako mwenyewe.

Jioni ile nyumbani kwake, Khuwair ya Kusini, alikitia kwa mkono wake, bunduki ikiwa tupu juu ya meza ya jikoni. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Bolti haikutikisika, aliyeruka ni yeye.

"Ewe!" alisema mkewe, Mahbuba, huku akigeuza sambusa karaini. "Mkono huo utauficha mpaka lini? Mficha maradhi kilio humfichua."

"Maradhi gani? Kitufe kibovu."

"Kitufe kibovu. Na juzi kifuniko cha achari kibovu, na jana vifungo vya kanzu vibovu. Nyumba hii vitu vyote vimeharibika mwezi mmoja!" Akaweka kikombe mezani. "Hebu nimiminie kahawa."

Sleyum akaivuta chupa ya kahawa, ile ya kubonyeza juu, akaipiga kwa kiganja. Kahawa ikatoka.

"Umeona?" alisema Mahbuba. "Gumba hulitumii. Miezi sasa unaipiga makofi chupa yangu, nami nnakutizama tu. Kamwambie Hamoud."

"Hamoud? Nitazikwa na gumba langu!"

Lakini asubuhi aliamka akijua kuwa mkewe kasema kweli, na hilo likamzidisha hasira. Ilikuwa Jumatano, kesho yake ni shabaha. Akatia gari moto mpaka Ghala, kitufe cha mviringo mfukoni, bunduki tupu ndani ya buti.

"Bader hakukipenda," alisema. "Anataka lile bamba."

"Bader anataka bamba la wazee?"

"Vijana wa siku hizi, Hamoud. Kila mmoja na mtindo wake."

Hamoud akamtazama kidogo. "Sawa. Ila bamba halitiwi hivi hivi. Likikaa juu sana atalikosa. Likiwa zito mno, bunduki ikitikisika linaweza kuiachia bolti lenyewe. Nalipunguza kufuata mkono wa mtu. Mlete nimpime."

"Yuko kazini, masikini, benki hawampi nafasi hata..."

Na hapo, wallahi, kama yuko malaika wa kuwaumbua waongo, siku ile zamu yake ilikuwa Ghala. Mlango ukafunguka, akaingia Bader mwenyewe, kofia imemkaa sawasawa. Gari lake lilikuwa gereji ya jirani, na nje kaliona gari la mjomba wake.

"Assalaam aleikum. Shikamoo mjomba, shikamoo mzee Hamoud."

"Marahaba! Tulikuwa tunakutaja," alisema Hamoud. "Lete mkono wa kushoto nikupime, bunduki yako inakungoja."

"Bunduki?" Bader akarudi hatua mbili nyuma. "Mimi? Mzee Hamoud, mimi fataki zikipigwa harusini naingia garini nafunga vioo!"

Bader akamtazama mjomba, mjomba akaitazama kalenda. Bader hakuwa mjinga. Akakumbuka ghafla kwamba gari lake limeshamalizika, akaaga, akatoka.

Sleyum akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya kitambaa cheusi.

"Ni wangu," alisema. "Gumba limekufa, Hamoud. Nimechelewa mara mbili, kesho nikichelewa nnawekwa kitini. Haya, cheka. Cheka umalize."

Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Na aliogopa. Hakuogopa kicheko, aliogopa Alkhamisi zote zilizobaki, aamke asubuhi asiwe na pahala pa kusimama.

Hamoud hakucheka. Aliushika ule mkono, akaugeuza, akabonyeza polepole chini ya gumba.

"Hapa?"

"Hapo hapo, we bwana, taratibu!"

"Asubuhi ni mbaya kuliko jioni?"

"Umejuaje?"

"Nimekaa na wazee," alisema Hamoud, akamtuma ailete bunduki garini, akatafuta chaki. Akampaka Sleyum kiganja kizima, akalitia bamba mahali pake kwenye bunduki, akamwambia apige kama anavyopiga chupa ya kahawa nyumbani. Sleyum akashtuka. Kumbe Mahbuba keshapiga simu! Akapiga hata hivyo. Hamoud akaangalia chaki ilipogusa, akalikata bamba pembe moja kwa tupa, akalipunguza uzito nyuma, akalirudisha. Mara tatu akapaka chaki, mara tatu akakata, mpaka alama nyeupe ikakaa katikati.

"Haya, bonyeza."

"Sibonyezi," alisema Sleyum, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. "Napiga."

Akapiga. Bolti ikaruka mbele, kla! Akairudisha nyuma akapiga tena, na tena, mara kumi, akicheka peke yake mpaka Hamoud akamnyang'anya bunduki.

Alkhamisi uwanjani, wazee wanane wakajipanga mstarini. Kivulini palikuwa na kiti, na pembeni yake chupa ya kahawa. Sleyum alikiona, akageuza uso. Halafu akaona kwamba Hamoud hakwenda mwisho wa kushoto. Kaja kusimama kulia kwake.

"Umepotea njia, mtu wa asali?"

"Jua limehama," alisema Hamoud.

Filimbi ikalia. Magazini, kofi, bolti ikaruka, na sahani za chuma zikaanza kulala moja moja, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne aliigusa ukingoni ikayumba kwanza ndipo ikaanguka. Ya tano ikaenda chali.

"Sleyum, sekunde kumi na saba," alisema nahodha. "Hamoud, kumi na tisa."

Alhamdulillahi! Bunduki zikawekwa chini, tupu, na Sleyum akageuka kulia kuanza masimango ya wiki nzima. Bunduki ya Hamoud ilimwelekea kwa ubavu wake wa kushoto, ubavu ambao hajapata kuuona, na juu yake palikuwa na bamba pana, kama lile lake. Lakini hili halikuwa jipya. Michanjo yake ilikuwa imesagika, na weusi umetoka wote kwa kupigwa na kiganja.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka wa tatu huu."

"Miaka mitatu! Na mimi sahibu yako, hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenyamaza?"

Sleyum akafikiri. Uongo mdogo ulimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza.

"Wallahi, nisingenyamaza."

"Najua," alisema Hamoud.

Wakaenda kivulini pamoja. Hamoud akakisogeza kile kiti kando kwa mguu, akachukua vikombe viwili, akavishika. Sleyum akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akaipiga chupa kofi mbele ya watu wote.