Mkaguzi Hapigi Magoti

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatano tarehe 13 Aprili 1983, jora zima la kitambaa cha buluu lilikuwa limenasa kwenye mawe ya ufukweni Kirumba. Maji yalikuwa yamelikunjua nusu. Wanawake waliokuja kuchota maji walilipita kwa mbali, ndoo kichwani, kama watu wanaopita penye mzoga wa mbwa. Katika maduka yote ya Mwanza hakukuwa na kitambaa cha kutosha kaptula ya mtoto, na hapo ufukweni hakuna aliyeinama kukigusa kile.

Odeta Shimba alilitazama jora hilo akiwa juu barabarani. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kola ya gauni alilovaa alikuwa ameigeuza mara mbili kwa kuchakaa.

"Wiki ya tatu hii ya msako wa walanguzi," alisema Rugemalira, aliyesimama kando yake na faili kwapani. "Watu wanatupa mali ziwani. Sisi tunawapunguzia safari. Jina lako?"

"Teodora Mutayoba."

"Kwenu?"

"Kamachumu."

Rugemalira akapiga hatua mbili, akajifanya anasoma bango la mechi ya mpira. Ghafla akaita, "Odeta!"

Hakugeuka.

"Afadhali. Juzi uligeuka, na 'abee' juu yake! Mkaguzi haitiki abee, binti. Mkaguzi anaitwa mara tatu, ndipo anauliza, 'Kuna nini?' Na jambo jingine?"

"Mkaguzi hapigi magoti."

"Hapigi magoti. Hata akikutana na bibi aliyemzaa baba yake."

Rugemalira alikuwa na miaka hamsini na mbili. Aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika kabla vyama hivyo havijavunjwa, na kutoka huko aliondoka na suti moja ya mikono mifupi, mihuri miwili na mwandiko mzuri. Odeta alikutana naye mwezi Februari. Ofisi aliyokuwa akipiga chapa iliishiwa utepe wa mashine, kisha ikaishiwa karatasi, kisha ikaishiwa sababu ya kumweka mpiga chapa. Rugemalira alimwambia kwamba anamfahamu mkubwa fulani anayetafuta mtu, akachukua cheti chake ili akipeleke. Mkubwa huyo hakuwahi kuwapo. Odeta alipokuja kudai, mzee hakukana. Alimtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, akasema ana uso ambao watu wangeuogopa kama angejua kuutuliza. "Nifanyie kazi tatu," alisema, "ya tatu ikiisha unapewa cheti chako."

Bila cheti hakuna kazi. Bila kazi, mtu wa mjini angeweza kuokotwa barabarani na kurudishwa kijijini kama mzururaji. Na kijijini Sumve baba yake, katekista, bado alikuwa akiwaambia watu baada ya misa kwamba binti yake anapiga chapa serikalini.

Leo ilikuwa kazi ya tatu.

Njia ya Rugemalira haikuwa na kelele. Aliingia nyumbani kwa mfanyabiashara, akajitambulisha kuwa mkaguzi, akakaa, akafungua faili mapajani, kisha akanyamaza. Hakuuliza swali hata moja. Alisema anayeuliza ni mtu asiyejua, na afisa anatakiwa aonekane anajua. Kule Mkuyuni, katika kazi iliyotangulia, alinyamaza dakika kumi na moja kwa saa ya ukutani. Dakika ya kumi na mbili mwenye nyumba alilia, akataja kila alichoficha, akakibeba mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni, akawashukuru kwa kutomwandika. Odeta alikaa kando siku ile. Usiku huo alikataa kula. Rugemalira alichemsha chai, akaimba.

Walifika Pasiansi saa tatu na dakika arobaini. Nyumba ilikuwa ya matofali ya saruji na bati, mlango umefungwa wakati majirani wote walikuwa wamefungua. Kija, mwenye duka la vitambaa, alifungua kidogo tu.

"Ndugu Kija," alisema Rugemalira. "Huyu ni Ndugu Teodora Mutayoba, mkaguzi. Atakaa nawe. Mimi namfuata balozi wa nyumba kumi ili kazi iende kwa utaratibu."

Hiyo pia ilikuwa sehemu ya njia yake. Upekuzi wa kweli hufanywa mbele ya balozi, na kwa hiyo aliyemleta balozi hakuna anayemwuliza barua. Alimwachia Odeta faili, akaondoka akitembea taratibu.

Odeta alikaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, akafungua faili. Karatasi tupu. Barua yenye muhuri. Na mwishoni kabisa, kati ya karatasi mbili tupu, cheti chake: *Odeta Shimba, upigaji chapa, maneno arobaini kwa dakika, 1976.* Kilikuwa umbali wa kidole. Kija alikuwa amesimama mbele yake akimtazama mikono, na hakuweza kukitoa.

Akanyamaza.

"Nikuletee soda, Ndugu mkaguzi?" Kija aliuliza. "Hakuna. Soda hakuna. Nikuletee maji?"

Odeta alitazama dari.

"Huko juu hakuna kitu. Naapa. Panya tu."

Odeta akashusha macho, akayaelekeza kwenye mlango wa chumba cha ndani. Alimwonea wivu Kija kwamba yeye angalau ameruhusiwa kutetemeka.

"Ni katoni sita za sabuni," Kija alisema. Jasho lilikuwa limemlowesha shati mgongoni. "Na majora manne chini ya kitanda. Yalikuwa matano. Moja nilikwenda kulitupa, nikasikia mbwa, nikarudi mbio bila kuangalia limeangukia wapi. Dada yangu, chukueni yote. Mama yangu ni mzee, asije akaniona nimefungwa pingu."

Dakika saba. Rugemalira angefurahi.

Ndipo mlango wa uani ukafunguka na mama mwenyewe akaingia. Alikuwa amebeba ungo wa dagaa aliokuwa akiwachambua mchanga. Jina lake Dorotea, lakini Pasiansi yote ilimwita Bibi. Alisimama, akamtazama mgeni, akangoja.

Odeta aliweka faili chini na kupiga magoti.

Alilijua kosa lake goti la kwanza lilipogusa saruji, na la pili likafuata hata hivyo. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma, viganja vimekutana.

"Mwangaluka," Bibi aliitikia, uso ukafunguka. Akamwuliza kwa Kisukuma, kama inavyoulizwa katika salamu yoyote ya heshima, yeye ni mtoto wa nani.

Swali hilo Odeta alikuwa amelijibu tangu alipojifunza kusema. "Wa Shimba, mayu. Wa Sumve."

"Shimba katekista? Mwenye kovu la ng'ombe hapa shingoni?"

"Ndiye baba."

Kija alikuwa bado amesimama. Aliangalia faili sakafuni, akamwangalia Odeta aliyepiga magoti, kisha akamwangalia tena.

"Mutayoba," alisema polepole. "Hilo si jina la Bukoba?"

 Bibi aliketi kwenye kigoda, akaweka ungo mapajani, akamtazama Odeta bila kusema neno. Kimya kile Odeta alikijua. Alikuwa amefundishwa namna ya kukitengeneza, na hakuwa amefundishwa namna ya kukivumilia. Hakufika hata dakika mbili.

"Mimi si mkaguzi, mayu. Cheti changu kimo humo ndani. Nilikuwa nataka cheti changu tu."

"Kumbe!" Kija aliruka. "Kumbe mwizi! Namwita balozi sasa hivi!"

"Mwite," Bibi alisema. "Akija utamwonyesha nini, hicho kilicho chini ya kitanda?"

Kija akabaki na mkono kwenye komeo. Hakuhitaji kuita. Nje kulisikika Rugemalira akicheka, na sauti ya mzee Ngosha, yule balozi; na chini ya sauti hizo mbili, viatu vizito vya mtu wa tatu.

Ilikuwa imetolewa amri Jumatatu, na Rugemalira na Odeta hawakuijua: balozi akiitwa kushuhudia upekuzi, naye amwite mgambo. Mzee Ngosha alitii. Land-Rover ilikuwa nje ya nyumba yake tayari, na mgambo mmoja, Chenge, alikuja naye akiwa na bunduki begani.

Bibi aliokota faili, akaliweka kwenye kigoda, akalikalia. Mlango ukafunguliwa.

"Mama, shikamoo," alisema mgambo.

"Marahaba, mwanangu."

"Tumeambiwa kuna mkaguzi hapa."

"Mkaguzi gani? Huyu ni mtoto wa Shimba wa Sumve. Kaja kunisalimia. Hata chai sijampa."

Mgambo alimtazama Odeta, ambaye bado alikuwa magotini, akaona hakuna haja ya kuendelea kumtazama. Mwanamke aliyepiga magoti mbele ya bibi kizee hakuhitaji maelezo. Akamgeukia Rugemalira.

"Na huyu?"

"Huyo simjui," Bibi alisema.

Rugemalira alikuwa bado anatabasamu. Alitafuta faili kwa macho: mapajani mwa Odeta, sakafuni, kwenye kiti. Halikuwapo. Odeta aliinamisha uso, akaomba moyoni kwamba mzee anyamaze. Kama angenyamaza, labda mgambo angekuwa wa kwanza kuchoka.

"Mimi natoka mkoani," Rugemalira alisema. "Yaani, wilayani, kwa maagizo ya mkoa. Ni suala la biashara. Na afya pia. Barua yangu iko ofisini, ilikuwa inapigwa chapa, si unajua matatizo ya utepe siku hizi, Ndugu..."

Alitaja ofisi tatu kabla hajavuta pumzi. Mzee Ngosha aliacha kucheka. Kwa wiki nzima Rugemalira alikuwa amemfundisha Odeta kufunga mdomo, na sasa wa kwake haukufungika.

"Basi twende huko ofisini, mzee," mgambo alisema kwa adabu. "Tutaulizana vizuri."

Mlangoni Rugemalira aligeuka. Hakumtazama Odeta. Alikitazama kigoda, na pembe ya jalada la kijani iliyochungulia chini ya khanga.

"Bibi," alisema, "unakaa vibaya. Utaumwa mgongo."

Land-Rover iliondoka saa nne na dakika kumi.

 Kija akakimbilia chumba cha ndani, wakasikia kitanda kinaburuzwa. Bibi aliinuka, akampa Odeta faili. Odeta alikitoa cheti, akakikunja mara nne, akakitia kifuani. Kwa haraka yake karatasi ilichanika kidogo pembeni, penye tarehe. Vilivyobaki Bibi alivipeleka uani na kuvitia kwenye mafiga. Barua ilishika moto upesi. Jalada lilikuwa gumu, likafuka moshi.

"Kuna njia nyuma ya choo," Bibi alisema. "Inatokea kwenye migomba, halafu barabara ya Kirumba. Nenda. Mji huu uache leo."

Angekwenda hapo hapo angekuwa kwenye migomba kabla jalada halijashika moto. Lakini hakuna namna ya kumuaga mtu mzima kwa kumpa kisogo. Odeta alipiga magoti tena, akashukuru. Bibi akamtuma salamu kwa Shimba, kisha kwa mke wa Shimba. Aliuliza mvua ya Sumve, Odeta akajibu. Aliuliza ng'ombe, Odeta akajibu. Alimsimulia kwa kifupi alivyomfahamu babu yake mwaka wa njaa, na Odeta alisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa hadithi ya mkubwa haikatizwi.

Saa nne na dakika thelathini na tano Land-Rover ilisimama mbele ya nyumba. Injini ilizimwa. Mlango wake mmoja ulifunguliwa, kisha wa pili. Chumba cha ndani kikawa kimya, na Bibi akasukuma jalada katikati ya moto kwa ncha ya mwiko.

Viatu vilizunguka nyumba kwa upande wa choo, vikasimama nyuma ya ua wa matete.

"Odeta!" mgambo aliita.

Tangu asubuhi hakuna mtu aliyelitamka jina hilo ndani ya nyumba ile. Rugemalira peke yake ndiye aliyelijua.

"Abee," Odeta aliitika.