Floribert Anaanguka Tena

Mimi nilicheka kwenye maziko ya bwana yangu. Ee, nilicheka, na musinitolee macho! Ilikuwa mwaka wa 1954, mvua imenyesha Kirolirwe, njia ya kaburini iko matope matupu. Wabebaji wakateleza, sanduku likashuka kilima peke yake mpaka katikati ya ng'ombe. Ng'ombe wakakimbia. Padri akakimbia. Hapo kicheko kikanikamata tumboni, na machozi hayakukizima. Floribert wangu, aliyeanguka na chungu cha pombe siku ya ndoa yetu, homa imemuua na bado anaanguka!

Mama mukwe, Mama Adelaïde, hakucheka. "Mukankusi, matanga yakiisha utarudi kwenu Muheto. Mutoto anabaki."

Mutoto njo Godelieve, binti yangu, ndiyo kwanza anaota meno. Nililia mpaka sauti ikakauka. Lakini nani angemuhurumia mujane mwenye kucheka?

Siku ya kumaliza matanga, muzigo wangu ulikuwa mulangoni, umefungwa. Jioni padri akatundika shuka misioni kwa ajili ya sinema, tukaenda wote. Mwenye kufiwa naye ana macho! Filme ilikuwa ya kufundisha wachungaji kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Na mwalimu wake nani? Floribert! Walimupiga picha mwaka uliopita, kofia ya kuazima kichwani, kifua mbele. Anasukuma ng'ombe kwenye shimo la dawa. Ng'ombe anakataa. Anasukuma tena, ng'ombe anageuka, na bwana yangu, chubwi! Anaibuka na kofia yake, anatoa salamu.

Yesu wangu! Nikaziba mudomo kwa mikono yote miwili. Godelieve alikuwa mapajani pangu, sikutaka kumupoteza kwa kicheko kingine. Halafu pembeni nikasikia: hii, hii, hii. Mama Adelaïde amejikunja, anajipiga mapaja, machozi yanamwagika.

"Padri!" akaita. "Mwangushe tena mutoto wangu!"

Padri akarudisha filme nyuma, akamwangusha tena. Na tena. Tukashikana, tukalia, tukacheka, tukalia.

Njiani Mama Adelaïde akanivuta kitenge. "Siku ile ya sanduku, na mimi kicheko kilinikamata. Niling'ata kitambaa mpaka kikapasuka. Nilikukasirikia kwa sababu wewe uliweza kucheka."

Tulipofika nyumbani, akasimama mbele ya muzigo wangu.

"Mukankusi, ondoa hii kitu mulangoni," akasema. "Unataka na mimi nianguke?"