Maombi ya Kompyuta Namba Sita

Tangazo rasmi kwa taifa zima: mimi, Lerionka wa kidato cha tatu, nimekomesha uzito wa kompyuta katika shule yetu ya bweni hapa Tengeru. Kompyuta moja. Kwa saa mbili.

Elimu kidogo kwanza. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hutunza kila kitu kwa chaji ndogo sana za umeme, na chaji hizo huvuja. Kwa hiyo hujazwa upya maelfu ya mara kwa sekunde, na wakati zinajazwa, prosesa, ubongo wake, husubiri. Ni kama prepo yetu ya kujisomea usiku: mwalimu wa zamu akiingia kuita majina ajue nani ametoroka, hakuna anayekokotoa hesabu. Nikajiuliza, kwa nini majina yaitwe mara nyingi hivyo?

Nikaingia kwenye setingi za kompyuta namba sita, nikarefusha mara kumi muda kati ya kujaza na kujaza. Kisha nikaita darasa, nikaweka mkono juu ya kompyuta na kuiombea kwa sauti ya mchungaji wa usharika wetu. Wakaitikia amina huku wakicheka. Nikapima mbele yao: kazi ya dakika ishirini ilipungua dakika nzima. Brightness akahamia pale na mradi wake wa maonyesho ya Jumamosi, programu ya kutambua magonjwa ya mahindi kwa picha alizopiga mashambani kijijini Kikwe.

Kufikia saa nane mchana maabara ilikuwa tanuri, na RAM ikipata joto huvuja haraka zaidi. Programu ikaanza kuyaona mahindi mazima kuwa yanaumwa. Halafu kompyuta ikaganda, na faili la Brightness halikufunguka tena. Hakulia. Alikaa tu akiangalia kioo.

Madam Fransiska, mwalimu wetu wa kompyuta, alipofika nilimpa maelezo marefu kuhusu umeme usiotulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, ingawa wenzangu walikuwa wameshamdokeza habari ya maombi.

"Basi iombee na namba saba," akasema, "mwenzako aendelee na kazi."

"Sawa, Madam. Ila lazima kwanza izimwe na kuwashwa, niingie kwenye setingi."

"Mchungaji gani huyo anayeanza na kibodi?"

Darasa zima likacheka, isipokuwa Brightness. "Lerionka," akaniuliza taratibu, "uliigusa?"

"Niliigusa. Nilichelewesha RAM kujazwa ili mniite fundi. Wewe umepata dakika moja, umepoteza kazi ya wiki mbili, na hakuna umeme wala maombi yanayohusika. Ni mimi."