Dirisha la Hati

Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye dirisha hili la ghala nikigonga mihuri kwenye hati za mizigo. Kila lori lilitoka na nakala nne, na hakuna dereva aliyeondoka bila kuja kwangu kutia saini. Nikipanga karatasi, wao wanapiga soga. Nilijua mke wa nani kajifungua na nani mgongo unamsumbua. Mke wangu alipofariki nilirudi kazini siku ya nne, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuja dirishani.

Kisha kampuni ikaleta hati za kwenye simu. Dereva anatia saini kwa kidole akiwa ndani ya lori, mimi nabonyeza kitufe, geti linafunguka. Bosi akanipa na kiti kipya cha ofisini, cha kuzunguka. Kiti kizuri, sikatai, ila sina wa kumringia.

Niliyemkosa zaidi ni Mluzi. Tulimpa jina hilo kwa sababu akizima injini tu anaanza kupiga mluzi hadi anafika kwangu. Kila Alhamisi aliniuliza, "Umekula, kaka?" Basi, swali hilo moja. Nilikaa wiki kumi na moja bila kulisikia.

Alhamisi iliyopita nikafanya ujinga wa makusudi. Niliingiza namba ya sili, ile lakiri inayofunga mlango wa mzigo wa lori lake, na kukosea tarakimu moja. Nilijua mfumo ukikataa, dereva lazima aje dirishani kurekebisha. Nikachemsha chai ya watu wawili.

Nilichokuwa sijui ni kwamba siku hizi hati ikikataliwa inakwenda kwanza makao makuu kukaguliwa. Mluzi alizuiwa getini tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Alipokuja, hakupiga mluzi.

"Kaka, umekosea sili."

"Nimekosea kweli. Karibu chai, naipasha sasa hivi."

"Chai gani tena? Binti yangu karuhusiwa hospitali saa saba. Nilimwahidi nitamchukua mwenyewe. Mpaka sasa yuko kwenye benchi na begi lake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikarekebisha ile tarakimu, geti likafunguka, kisha nikamwambia ukweli: "Nilifanya kusudi. Nilitaka uje."

Alinitazama. Hasira ilimtoka usoni, na huruma iliyobaki iliniuma kuliko hasira.

"Si ungenipigia simu tu, kaka," akasema, akaondoka mbio.

Namba yake ya simu imo kwenye kila hati, mstari wa tatu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiigongea muhuri pembeni.

Leo ni Alhamisi tena, na lori lake limeshapita. Nimeshika simu tangu asubuhi. Kumuuliza Mluzi binti yake anaendeleaje si kazi. Ninachoogopa ni yeye kuniuliza kama nimekula.