Moyo Unaopita kwa Mama Kadija

Mkanda aliofungwa kifuani baba mkwe wangu, mzee Evariste, hauna waya. Hupeleka mapigo ya moyo wake kwenye kisanduku chetu cha mawasiliano, nacho huyarusha kwenye kisanduku cha Mama Kadija, jirani yetu wa juu hapa kilimani Songo, ndipo yafike kituo cha afya. Bila nyumba yake, hayafiki.

Jumanne alasiri, Hyacinthe, muuguzi wa kituo, alipiga simu.

"Mama Naomie, tangu asubuhi sioni moyo wa papa."

Nilimtazama mzee. Alikuwa amekaa kitini, midomo imebadilika rangi, anahema.

"Papa, twende hospitali."

"Mashini imesema?"

"Haijasema."

"Basi niko muzima. Weye si docteur."

Nikapanda kwa Mama Kadija. Mume wake alikuwa amezikwa mchana uleule. Wanawake walijaa chini kwenye mikeka. Redio imezimwa, televisheni imegeuzwa ukutani, na kisanduku kimechomolewa. Ndiyo adabu ya msiba: kila chenye taa au sauti kinazimwa.

Nilieleza shida yangu mlangoni. Yasmine, wifi wa Mama Kadija, alinizuia.

"Muntu hajapoa mu kaburi, weye unatuletea mambo ya mashini?"

"Nimeleta mambo ya mzee Evariste. Moyo wake unapita humu ndani."

Mama Kadija aliinua kichwa. "Iko inaimba?"

"Hapana, mama."

"Iko inasikiliza maneno yetu?"

"Hapana. Inapitisha tu."

"Basi muiwashe. Mufunike taa na kitambaa."

Yasmine alikichomeka kisanduku mwenyewe, huku akinung'unika. Nikapiga magoti kumpa mfiwa pole. Sijamaliza, simu ikalia. Hyacinthe hata hakusalimu.

"Mumulete sasa hivi."

Nilishuka mbio. Iddy, mtoto wa marehemu, na wanaume wengine watatu waliokuwa wamekaa nje wakanifuata, miguu yao bado ina udongo wa makaburini. Mzee alipowaona akashika kiti kwa mikono miwili.

"Hawa si ndio wazikaji? Mwanamuke, umeniuzisha?"

"Mashini imesema, papa."

Akajiweka sawa kitini. Wakamwinua pamoja na kiti chake, wakateremka naye kwa kijia hadi barabarani.

"Iddy, polepole! Minye si sanduku ya maiti."

"Sanduku halipigi kelele, mzee."

Hospitali walimpokea, yeye na Iddy bado wanagombana, wakamwekea mzee oksijeni ili anyamaze.